Baraza la Biringanya

"Bonyeza, Mwalimu. Hakiumi."

Nedyalka Sirakova alikuwa ameinua kidole juu ya kipanya kama mtu anayeogopa kugusa pasi ya moto. Mbele yake, kwenye kioo cha kompyuta, kulikuwa na kitufe cha kijani, na juu ya kitufe hicho kisanduku cheupe, kitupu. Ilikuwa Ijumaa alasiri. Walimu wenzake waliokuja kufundishwa mfumo mpya wa masomo ya mtandaoni walikwisha kuondoka. Alibaki yeye na Vihra, mkuu wa kitengo cha kompyuta, aliyesimama mlangoni na sigara isiyowashwa mdomoni, akisubiri kufunga.

"Hiki kisanduku kinataka nini?" Nedyalka aliuliza.

"Kinataka swali. Andika swali lolote la kujaribia, tuone kama baraza lako la majadiliano linafanya kazi. Halafu chagua nani waone, bonyeza, twende zetu."

"Swali gani?"

"Lolote, Mwalimu! Hata 'hamjambo'. Mimi nina mume na mbwa nyumbani, na wote wawili hawajala."

Nedyalka alikuwa mwalimu wa Kilatini katika kitivo cha tiba ya mifugo, hapa kwenye chuo cha mji wetu wa Stara Loza. Hakuna aliyewahi kuja chuo hiki kwa ajili ya Kilatini. Vijana walikuja kwa ajili ya farasi, ng'ombe na mbwa wanene wa mjini. Kilatini kilikuwa geti la kupitia, na Nedyalka alikuwa bawabu wake. Kila vuli aliwaambia wanafunzi wapya maneno yaleyale: "Neno la Kilatini lina mkia, zile herufi zake za mwisho. Msimtazame mnyama usoni tu, tazameni mkia. Mkia ndio unaowaambia nani kampiga nani." Na kila vuli mwanafunzi mmoja alicheka, kwa huruma.

Mwaka huu mambo yalikuwa magumu zaidi ya huruma. Profesa Tabakov, naibu mkuu wa chuo, alikuwa ametangaza kwamba kila somo sharti liingizwe kwenye mfumo, na kwamba mwezi wa Novemba kikao cha chuo kitatazama ni masomo gani madogo "yana uhai". Yasiyo na uhai yangeondolewa, na mahali pake yangenunuliwa masomo yaliyokwisha kutengenezwa. "Yanauliza yenyewe na yanasahihisha yenyewe," alisema Tabakov, kwa furaha ya mtu anayesimulia habari za ng'ombe anayejikamua. Watu wote ukumbini walimgeukia Nedyalka, kisha kwa adabu wakayaondoa macho.

Sasa kisanduku kilisubiri. Nedyalka aliitazama mikono yake. Kucha zilikuwa nyekundu kwa pilipili hoho, maana Septemba ilikuwa ikielekea ukingoni, na nchi nzima ilikuwa ikichoma pilipili hoho na kupika lyutenitsa, ile rojo nzito ya pilipili na nyanya ambayo bila mitungi yake hakuna nyumba inayothubutu kuingia majira ya baridi. Asubuhi ile alikuwa amegombana na mumewe. Penko, dereva wa treni mstaafu, alizaliwa huku bondeni, na kwa watu wa bondeni biringanya ndani ya lyutenitsa ni najisi. Nedyalka alitoka kaskazini, ng'ambo ya milima, ambako lyutenitsa isiyo na biringanya huitwa supu iliyopotea njia. Walikuwa wameoana miaka mingi, na kila Septemba vita ni ile ile. Asubuhi hiyo Penko alikuwa ameyaficha mabiringanya juu ya kabati la nguo.

Nedyalka akaandika: *Je, biringanya liingie kwenye lyutenitsa au lisiingie?*

Mfumo ukamuuliza nani waone. Kulikuwa na majibu matatu: "kikundi kimoja", "kozi", "wote". Alichagua "wote", kwa sababu hakuwa mwalimu wa kubagua wanafunzi. Akabonyeza.

"Hongera," alisema Vihra, mkono tayari kwenye swichi ya taa. "Sasa na wewe ni mwalimu wa kisasa."

Jumatatu asubuhi, Nedyalka alipofika getini, mlinzi alimfungulia mlango huku ametoa kifua mbele.

"Mama Sirakova, mimi nasema lisiingie! Na mke wangu anasema hivyo hivyo!"

"Liingie wapi?" aliuliza Nedyalka, lakini nyuma yake gari lilipiga honi, na mlinzi akageuka.

Kwenye ngazi alikutana na Profesa Dzhambazov wa kemia, mtu ambaye kwa miaka yote hakuwahi kulijua jina lake. Profesa alimshika mkono akauendesha juu na chini kama bomba la kisima. "Umethubutu," alisema. "Kuna watu wamekuwa kimya humu muda mrefu mno."

Vihra alikuwa akimngoja mlangoni pa ofisi. Hakuwa na sigara. Kwa Vihra, hiyo ilikuwa ishara ya msiba.

"'Wote' ni wote, Mwalimu," alisema. "Chuo kizima. Wanafunzi, maprofesa, wahasibu, walinzi, mpaka wastaafu ambao hatukukumbuka kuwafuta."

Nedyalka aliketi bila kuvua koti. "Wamejibu?"

"Wamejibu!" Vihra aliangua kicheko kilichomtoka puani. "Njoo uone walivyojibu."

Baraza lilishuka na kushuka kwenye kioo kama kitambaa kisicho na pindo. Bi Parvanova, mhasibu mkuu, alikuwa ameandika: *Nimemheshimu Profesa Dzhambazov tangu siku niliyoajiriwa. Leo nimejua anatia sukari. Naomba asipite tena ofisini kwangu.* Chini yake Dzhambazov alijibu: *Sukari hupunguza uchachu wa nyanya. Hii ni sayansi, si mapenzi.* Mstaafu mmoja alimtaja marehemu mama yake. Mstaafu wa pili alimjua huyo mama, na alikuwa na maoni tofauti. Wanafunzi wa kaskazini walikuwa wameungana. Wanafunzi wa bondeni walikuwa wamewaita wasaliti. Na katikati ya moshi wote huo palikuwa na picha ya mitungi iliyopangwa kama askari wa gwaride, na maneno ya Profesa Tabakov mwenyewe: *Kwetu tunatia karoti.*

Chini ya karoti palikuwa na majibu mengi, yote ya heshima, yote yenye maumivu.

"Futa," alisema Nedyalka. Masikio yalikuwa yakimwaka moto. "Futa yote sasa hivi, nakuomba."

"Nitafuta. Lakini kwanza tazama hapa." Vihra alibofya mahali. Ikatokea safu ya nguzo fupi fupi, kila nguzo ni somo moja la chuo; na pembeni nguzo moja iliyopanda mpaka ikagonga dari ya kioo. "Hii ndiyo ripoti ya uhai anayopelekewa Tabakov kila Jumatatu. Hiyo ndefu ni wewe. Nikifuta, unarudi kuwa ile pale."

"Ipi? Sioni kitu."

"Ndiyo hiyo."

"Lakini hicho si Kilatini, Vihra. Ni biringanya."

"Mfumo haujui Kilatini, Mwalimu wangu. Mfumo unajua kubofya tu."

Siku ile aliingia darasani kama mtu anayetembea na kokoto kiatuni. Alikuwa mwanamke ambaye akirudishiwa chenji ya ziada sokoni hurudi nusu ya mji kuirejesha, na sasa alikuwa na nguzo isiyo yake. Lakini darasani alikuta jambo ambalo hakuwahi kuliona. Wanafunzi walikuwa wameinua vichwa. Wote. Hakuna simu chini ya meza.

"Mwalimu," ilisema sauti ndogo kutoka nyuma.

Alikuwa Bilyana, msichana wa kijiji cha wafuga kondoo kule milimani. Kwenye zizi Bilyana alisifika kwa kumlaza dume la kondoo peke yake. Darasani, akiambiwa asome mstari mmoja, alikuwa mwekundu mpaka shingoni, na hakuna aliyekuwa amewahi kumsikia akimaliza.

"Sema, mwanangu."

"Kuna mtu wa bondeni amenitukana kule barazani. Amesema watu wa milimani hatujui kupika, tunajua kuchunga tu." Akashika kalamu. "Nataka kumjibu kwa lugha asiyoijua. Biringanya kwa Kilatini linaitwaje?"

Darasa lilicheka, lakini Nedyalka hakucheka. Aliandika ubaoni *melongena*, na chini yake akaandika mikia yake yote, mmoja baada ya mwingine. Kalamu zilisikika zikikwaruza karatasi. Alipogeuka, waliokuwa wakicheka walikuwa wakinakili.

Mchana huo aliandika tangazo barazani. Lilikuwa fupi. Kuanzia sasa, lilisema, baraza hili ni la somo la Kilatini na litapokea Kilatini tu; ujumbe wa lugha nyingine utaondolewa. Na ili mwanafunzi asimwogope profesa, kila mtu atajiita jina la mnyama kwa Kilatini. Jina lake halisi ataliona mwalimu peke yake. Vihra alimsaidia kupanga hilo, akitikisa kichwa.

"Umeliua," alisema Vihra.

"Life kwa heshima," alijibu Nedyalka, na moyo wake ukawa mwepesi. Nguzo itaanguka, na haki itakuwa imetendeka.

Jumanne baraza lilikuwa kimya kama kanisa siku ya kazi. Jumatano vilevile. Alhamisi, alipokuwa akila mkate wake na jibini mbele ya kompyuta, ujumbe mmoja uliingia, kutoka kwa mtu aliyejiita Ursus, yaani dubu. Ulikuwa na maneno mawili.

*Tace, asine.*

Nyamaza, wewe punda. Nedyalka aliusoma mara mbili. Mkia ulikuwa sahihi, ule mkia maalumu wa kumwita mtu, ambao wanafunzi wake hukosea mpaka siku ya mtihani. Alitazama jina halisi. Alikuwa Bi Parvanova, mhasibu. Kabla hajamaliza kutafuna, Profesa wa kemia alikwisha kujibu, kwa mistari minne, na makosa kumi na moja.

Basi mambo yakaanza. Maktaba ilikuwa na kamusi za Kilatini zilizolala na vumbi tangu ujana wa babu zetu. Ndani ya wiki moja zote zilikuwa zimeazimwa, na wawili walifikishwa kwa mkuu wa maktaba kwa kunyang'anyana moja. Mlinzi wa getini alijifunza kusema asubuhi "salve" kwa waliomwunga mkono, na kwa wengine alikohoa tu. Bi Parvanova alikuja ofisini kwa Nedyalka akifunga mlango nyuma yake kama anayekuja kupimwa ugonjwa wa siri.

"Mama Sirakova, niambie taratibu. Nikitaka kusema sukari ya yule mwanamume ni aibu *kwa* familia yake, natumia mkia gani?"

"Ule wa mpokeaji."

"Na nikitaka kusema ni aibu *ya* familia yake?"

"Ule wa mwenye mali."

Mhasibu alifikiri. "Niandikie yote miwili," alisema.

Nedyalka alisahihisha. Alisahihisha asubuhi na jioni, kwa wino mwekundu wa mfumo ambao Vihra alimwonyesha ulipo. Hakugusa hoja ya mtu; aligusa mikia tu. Matusi yaliyoingia yakichechemea yalitoka yakitembea wima. Wanafunzi waligundua kwamba tusi lenye kosa humrudia mwenyewe, kwa sababu adui hulinakili na kulicheka, basi wakaanza kukagua maneno yao kabla ya kuyatuma, jambo ambalo mitihani ilishindwa kuwafundisha. Lilipozuka suala kwamba Warumi wa kale hawakuwa na pilipili hoho wala nyanya, wanafunzi wa kilimo waliingia na majina ya mimea, na ugomvi ukahamia huko kwa siku tatu.

Nyumbani Penko alinuna. Yeye hakuwa mtu wa chuo. Vita ilikuwa yake, imetoka jikoni kwake, na sasa ilipiganwa na watu baki.

"Niandikie hata sentensi moja," alimbembeleza mkewe. "Sema imetoka kwa dereva wa treni."

"Jifunze mwenyewe, mzee. Kamusi iko pale juu ya kabati, ulipoficha mabiringanya."

Jumapili moja, mezani, Nedyalka alifungua mtungi mpya. Alikuwa amesaga biringanya moja, moja tu, akalichanganya bila kumwambia mtu. Penko alipaka mkate, akauma, akatafuna polepole na macho yameinuka darini. Kisha akaweka mkate chini, akajifuta midomo, na akatamka kwa sauti ya kutangaza kituo:

"*Sine melongena!*"

Bila biringanya. Mkia ulikuwa kamili. Nedyalka alimtazama mumewe kwa muda mrefu. Hakuwahi kupingwa kwa usahihi namna hiyo. Akamwongezea nyama. Naye Penko, akijifanya hajui alifanyalo, akaumaliza ule mkate.

Novemba ikaja na ukungu wake, na kikao cha chuo kikamwita Nedyalka. Alivaa koti lake la buluu. Ukumbini wakubwa walikuwa wameketi kuzunguka meza ndefu, Dzhambazov upande mmoja, Bi Parvanova upande wa pili, na kati yao viti viwili vitupu walivyoviacha kwa makusudi. Vihra alisimamia kompyuta na kioo kikubwa cha ukutani. Profesa Tabakov, mtu mrefu mwenye mvi zilizochanwa vizuri, alisimama mbele ya picha ya nguzo.

"Waheshimiwa, tazameni uhai huu," alisema. "Somo tulilodhani limekufa! Haya ndiyo ninayoyahubiri kila siku. Ubunifu! Mama Sirakova, waeleze wenzako ulibuni vipi mbinu hii."

"Sikubuni, Profesa. Nilibonyeza 'wote' kwa makosa."

"Unyenyekevu!" alisema Tabakov, na watu wakapiga makofi. "Lakini mbele yetu kuna suala." Aligusa jalada lililokuwa mezani. "Masomo yaliyotengenezwa tayari ni nafuu. Wapo wanaouliza: je, kubofya huku ni elimu, au ni kelele? Tusibishane gizani. Vihra, fungua baraza. Tuone ujumbe wa mwisho ulioingia, wowote ule, na Mama Sirakova atufasirie."

Vihra alimtupia Nedyalka jicho, kisha akafungua. Ujumbe ulikuwa umeingia asubuhi hiyo hiyo, kutoka kwa mtu aliyejiita Mustela, yaani kicheche. Herufi zilisimama ukutani, kila moja kubwa kama kiganja:

*Liutenica prorectoris ungulas asini apta est.*

Nedyalka alijua Mustela ni nani. Alikuwa Bilyana.

"Aa!" Tabakov alisogea karibu na ukuta, akaweka kidole kwenye neno la pili. "Hapa naona nimetajwa. Naibu mkuu, sivyo? Inasema nini?"

"Kuna kosa," alisema Nedyalka.

"Kosa gani?"

"Kwenye 'ungulas'. 'Apta' inadai mkia wa mpokeaji. Ilipaswa iwe 'ungulis'."

"Vizuri sana. Na inasema nini?"

"Ni kosa la kawaida kwa mwaka wa kwanza, kwa sababu..."

"Mama Sirakova."

Nedyalka angeweza kusema chochote. Angeweza kusema lyutenitsa ya naibu mkuu inafaa meza za wafalme. Tabakov angechanua, somo lingepona, na ni nani angejua? Neno lilikwisha kufika kwenye ulimi. Lakini kwa miaka yote alikuwa amewaambia wanafunzi kwamba mfasiri anayepamba maneno ni sawa na daktari anayeficha homa: mnyama hufa akiwa anapendeza. Tena, mwisho wa meza, mabega ya Profesa wa kemia yalikuwa yameanza kutikisika. Kilatini chake kilikuwa kimepanda sana tangu Septemba.

"Inasema," alisema Nedyalka, "kwamba lyutenitsa ya naibu mkuu wa chuo inafaa kwato za punda."

"Kwato," alisema Tabakov.

"Kwato, Profesa."

"Punda aile?"

"Hapana. Nadhani ni kwa kupaka." Aliona hiyo haikutosha, akaongeza, "Kama dawa. Mwandishi ni mtu wa mifugo."

Shingo ya Tabakov ilikuwa imepata rangi ya mitungi yake. "Na nani huyu Mustela?"

"Amekosea mkia, Profesa. Nitamkata alama."

"Mimi sikuulizi mkia, nakuuliza kichwa!"

Bi Parvanova alitoa kitambaa akakificha kinywa. Nedyalka alimfikiria Bilyana, mwekundu mpaka shingoni, mbele ya meza hii ndefu. Msichana yule asingefungua mdomo tena maisha yake yote, labda kwa kondoo tu.

"Kichwa sitakitoa," alisema. Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. "Niliwaahidi wote, wakubwa kwa wadogo. Mtu akitukanwa pale barazani, sheria ni moja: anajibu. Kwa Kilatini. Na wewe una haki hiyo, Profesa, kama mwingine yeyote."

"Mjibu, Ognyan," Bi Parvanova alimwambia Tabakov nyuma ya kitambaa. "Sisi wote tumetukanwa mle. Mimi nimeitwa mbuzi na mwanasayansi, na bado niko hai."

"Mbuzi *jike*," alisema Dzhambazov. "Nilizingatia jinsia." Hayo yalikuwa maneno ya kwanza kumwambia mhasibu kwa mdomo tangu Septemba.

Hapo mtu mmoja alicheka, halafu wawili, halafu meza nzima. Tabakov alisimama katikati ya kicheko kama mtu aliyekutwa na mvua bila mwavuli. Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena, akausoma ukuta upya, midomo ikienda.

"Karoti hizo ni za mama yangu," alisema, karibu kwa nafsi yake.

Akaketi. Akalivuta jalada la masomo yaliyotengenezwa tayari, akalifunua ukurasa mmoja, wa pili.

"Haya masomo yanayojisahihisha," alimuuliza Vihra, "yanafundisha watu wajibu?"

"Yanafundisha 'mkulima anampenda msichana'," alisema Vihra. "Halafu 'msichana anampenda mkulima'."

"Basi hayatanifaa." Alilifunga jalada. "Suala la Kilatini liahirishwe mpaka majira ya kuchipua. Kikao kiendelee na suala la paa."

Nedyalka alikusanya karatasi zake. Alipopita nyuma ya kiti cha Tabakov, naibu mkuu aliinamisha kichwa upande bila kumtazama.

"Karoti inaitwaje?" alinong'ona.

"*Daucus*."

Akaandika pembezoni mwa ajenda. "Na mkia wake?"

"Inategemea, Profesa. Unataka karoti imfanye nini nani?"

Kalamu ya Tabakov ilisimama hewani. "Unafundisha lini?" aliuliza.

"Kesho, saa nne. Uje na daftari."

Alitoka nje bila kufunga vifungo vya koti. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka juu ya majengo, na badala ya kushika njia ya kituo cha basi alipitia nyuma, kwenye uwanja wa kliniki ya wanyama, ambako hakuwa na desturi ya kupita kwa sababu ya matope. Mlango wa zizi ulikuwa wazi nusu. Ndani, chini ya balbu, farasi jike wa rangi ya chokoleti alikuwa amefungwa kamba fupi, mguu mmoja wa mbele umevimba, ngozi ya bega ikicheza kwa hofu. Mtu alikuwa amepiga magoti kwenye majani makavu, ameupakata ule mguu, akiufunga bendeji polepole, na huku akifunga alikuwa akisema naye.

"*Nolite timere*," Bilyana alikuwa akisema, kwa sauti kamili isiyokwaruza mahali popote. "*Nolite timere.*"

Msiogope. Msiogope, kwa wingi, kama anayesema na umati, na farasi alikuwa mmoja. Nedyalka alisimama matopeni. Kinywa kilikuwa kimeshafunguka, sahihisho liko tayari kwenye ncha ya ulimi.

Farasi aligeuza sikio moja. Na nyuma yake, gizani ambako balbu haikufika, kwenye banda baada ya banda, vichwa vingine vilikuwa vimeinuka juu ya mbao, vikisikiliza.